Goti la Nyundo

Kocha alikuwa akipanga koni za mazoezi, ile moja iliyokanyagwa na gari la mwenyekiti akiificha nyuma ya nyingine, Nyundo alipoingia uwanjani. Nyundo ni kocha mwenyewe wa enzi za kucheza, ila huyu alikuwa na miaka ishirini na nne, nywele zote kichwani na magoti mawili mazima.

"Nimekuja kucheza," alisema.

"Namba tisa?"

"Kwani mimi golikipa?"

Karani wa klabu alimwandikia leseni, akamwomba picha ndogo, tena asicheke. Mke wa kocha aliongeza sahani mezani. Alichosema ni kwamba huyu mdogo angalau anajua kushukuru.

Mechi nane, mabao kumi na matatu. Mashabiki waliokuwa wakimwambia kocha akafundishe kuku wakaanza kuimba jina lake upya. Kocha akawa anapita mbele ya jukwaa kwenda chooni, ingawa choo kilikuwa nyuma.

Kila usiku mezani alimhadithia Nyundo habari za goti lao la kushoto: namna lilivyovimba siku ya fainali, wakalichoma sindano ya ganzi, akafunga bao, na huo ukawa mwisho wa kucheza. "Yule mzee aliyenifundisha ndiye aliyetuua mguu," alisema. Hata mazishini kwake hakwenda.

Asubuhi ya fainali, goti la Nyundo lilivimba.

Daktari wa timu alilibonyeza. "Akipumzika wiki sita, atacheza miaka kumi. Nikimchoma ganzi, atacheza leo."

Kocha alijua kwamba akisema hapana, kesho yeye mwenyewe ataamka hachechemei tena. Nje watu walikuwa wanaimba. Mwenyekiti akachungulia mlangoni.

"Kocha, tukifungwa leo, kesho njoo uchukue viatu vyako tu."

Nyundo alinyoosha mguu juu ya benchi. "Amua wewe, kaka. Goti hili unalijua kuliko mimi."

"Mchome."

Kocha alishtuka kulisikia neno lenyewe. Sauti ilikuwa yake, na wala haikutetemeka. Alitaka kulirudisha neno, lakini mdomo ulibaki wazi, na daktari keshavunja kichupa.

Nyundo alimtazama bila hasira. "Kumbe ni wewe," alisema. "Na marehemu wa watu unamtukana kila siku."

Alifunga bao dakika ya themanini. Ya themanini na moja goti lilikatika, mlio ukafika hadi jukwaa la juu. Walimtoa kwa machela. Walipofika getini machela ilikuwa tupu, wakaikunja.

Mashabiki walimbeba kocha mabegani. Alikuwa ametoa macho, mdomo bado wazi. Gazeti likaitoa picha hiyo ukurasa wa mbele na kuandika kwamba furaha ilimzidi. Mwenyekiti akamwongezea mkataba wa miaka miwili.

Jumatatu beki wa kulia alikuja anachechemea, kifundo kimevimba. Daktari alimgeukia kocha. Safari hii kocha hakushtuka kulisikia neno lenyewe.