Upande wa Pili wa Santuri

Kwa miaka ishirini, mtu wa Mlali akitaka zeze alimwendea Yoramu. Yoramu ndiye aliyetunga nyimbo za arusi, za njaa na za ng'ombe. Ndiye pia, kwa ujinga wake mwenyewe kama alivyopenda kusema, aliyemfundisha Silvano pa kuweka vidole. Sasa watu walimtaka Silvano. Silvano arusini, Silvano kwenye jando, Silvano mpaka Gulwe. Na kijana alijua kutunga kweli, hilo ndilo lililouma. Angekuwa anakwaruza ovyo, Yoramu angempenda kama mwanawe wa kumzaa.

"Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka," alimwambia mkewe, Loisi.

"Mwaka wa tatu huu unangoja ipasuke," Loisi akajibu, akaendelea kupepeta uwele wake.

Basi mwaka ule karanga za Wazungu ziliposhindikana Kongwa, gari la kunasa sauti likaja Dodoma mjini, likatua kwa Vithaldas, muuza gramafoni. Watu wa Mlali walitengewa santuri moja: upande mmoja Yoramu, upande wa pili Silvano. Yoramu alitetemeka kwa hamu. Wote wangesikia pande zote mbili, na hapo ingejulikana nani fundi na nani mwanafunzi.

Harshad, mtoto wa Vithaldas, akamvuta kando. "Mzee Yoramu, mashine inachukua dakika tatu tu, kisha inakata. Usianze na salamu zenu zile ndefu. Mwambie na mwenzako."

Mgogo haanzi wimbo hivi hivi. Kwanza husalimu wenyeji, wazee, walio hai na waliotangulia, kila mtu kwa jina lake, zeze likimfuata taratibu. Wimbo wenyewe huja watu wakishakaa vizuri. Dakika tatu! Silvano angekatwa hajafika hata kwa wajomba.

"Nitamwambia," Yoramu akasema. Hakumwambia.

Akaingia yeye kwanza, akaurukia wimbo wake wa ukame bila kumsalimu mtu, akaumaliza mashine ingali inazunguka. Kisha akaingia Silvano, mlango ukafungwa. Alipotoka alikuwa amenywea. Mzungu aliyekuja na mashine, asiyejua neno la Kigogo, alikuwa akichekelea sauti aliyoinasa.

"Baba, nimekatwa kwenye salamu. Sijaimba hata mstari."

"Pole, mwanangu. Ndiyo dunia." Roho ya Yoramu ikatulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

Santuri ikaja kutoka ng'ambo baada ya miezi saba. Yoramu akawahi dukani amevaa koti. Harshad akaanza na upande wa Yoramu. Watu waliojaa barazani wakatazamana.

"Huyu hana hata hodi?" akauliza mama mmoja. "Anavamia watu kama askari wa kodi!"

"Geuza!" wakasema wengine.

Harshad akageuza. Silvano akawasalimu. Wazee wakavua kofia, kinamama wakaitikia kwa sauti, kana kwamba kijana yumo barazani pamoja nao. Kisha akafika kwa mwalimu wake, asitoke tena. "Yoramu wa Mlali, aliyenishika vidole nikiwa sijui kitu. Yoramu, aliyenilisha nikiwa sina kwetu." Alimsifu mpaka mashine ikakata. Dakika ambazo zingekuwa za wimbo wake mwenyewe, alimpa Yoramu.

Santuri ile ikapigwa mara sita siku hiyo, na upande wa Yoramu haukuguswa tena. Yeye mwenyewe alisimama palepale, koti limelowa jasho, watu wakimpongeza.

Kuanzia Gulwe mpaka Msalato, hakuna asiyemjua sasa. Watu humsimamisha njiani, wakamshika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee. Ndiwe yule Yoramu aliyetajwa na Silvano?"

"Marahaba. Ndiye mimi," hujibu, na kila anapojibu humchukia Silvano kuliko jana.