Isale la Mwalimu Hajira

Kiingereza kilimpendeza Elisifa kwa sababu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kaka yake hakukijua.

Sababu ya mbele za watu ilikuwa wageni. Walipanda hadi Old Moshi kuonja kahawa yake chini ya migomba, wakishashuka wanamwandikia, naye hakujua kuwajibu. Ndipo akajiunga na darasa la Mwalimu Hajira, binti wa Majengo mwenye lugha tamu kama halua na simu isiyotoka mkononi. Kila mwanafunzi aliandika kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Programu ilipigia mstari mwekundu kila kosa, na Hajira, akiwa kwake mjini, aliacha maoni yake pembeni.

Siku moja Hajira alimwandikia kwamba sentensi zake zilikuwa safi lakini baridi. Aandike kitu kinachomuuma.

"Funguka, Mama Jackson. Hakuna atakayesoma ila mimi."

Akafunguka. Aliandika jinsi alivyorudi kwao ndoa ilipovunjika, na kaka yake Aminieli, mzee wa kanisa, akaitia kufuli nyumba ya marehemu mama yao. Elisifa na mwanawe Jackson wakalala jikoni masika nzima. Aliandika jinsi ukoo ulivyomweka Aminieli kitako hadi akaja na jani la isale kuomba radhi, na Mchagga akiletewa isale hakatai, hata awe na donge la namna gani. Akarudishiwa nyumba akae. Programu haikulijua neno isale, ikalipigia mstari kila lilipotokea. Elisifa akaliacha hivyo hivyo, akamalizia na maneno ambayo hakuwahi kuyatamka kwa lugha yoyote: nilimsamehe kwa mkono, siyo kwa moyo.

Hajira alijibu kwamba amelia. Elisifa aliyasoma maoni yale akitoka kukamua, akajisikia mwepesi, kwa kuwa sasa alikuwa na shoga, si mwalimu tu. Maskini, kikulacho ki nguoni mwako.

Mwezi haukuisha. Hajira alihitaji wanafunzi wapya, basi akalibandika andiko lile kwenye ukurasa wa darasa ulio wazi kwa wote, watu waone mwanafunzi wake alivyoiva. Jina alilifuta. Alidhani jina ndilo linalomtambulisha mtu. Kufuli, jiko, isale, mzee wa kanisa: Old Moshi ingehitaji jina la nini tena? Gladys, mke wa Aminieli, alitumiwa andiko hilo kwenye simu, akabonyeza mahali pa kutafsiri, na Kiingereza chote ambacho Elisifa alijificha ndani yake kikageuka Kiswahili mbele ya chai ya asubuhi.

Aminieli hakugomba. Alisimama mlangoni kwa dada yake, kofia mkononi, akakataa kuingia.

"Kumbe ulinisamehe kwa mkono," alisema. "Na mimi nyumba nilikupa kwa mkono. Mkono uliotoa utachukua. Kahawa ikishachumwa, tafuta pa kwenda."

Elisifa alijua hakusingiziwa. Wala hasira yake haikwenda kwa kaka. Aminieli alikuwa adui wa siku nyingi, na adui akikuumiza anafanya kazi yake. Moyo ulimchemkia yule aliyesema hakuna atakayesoma.

Jumamosi Hajira alipanda mwenyewe, viatu vimejaa tope. Mkononi alishika isale. Jani moja lingetosha, lakini yeye, mtu wa mjini, alikuwa amevunja kwenye ua wa njiani shina zima na majani yake.

"Mama Jackson, nimekosa. Nimekuletea hili."

"Nani kakufundisha?"

Hajira aliinamisha macho. "Nilisoma kwako."

Elisifa alijiona ameibiwa mara ya pili. Hata njia ya kumwomba radhi, mwalimu ameichuma kwenye andiko lile lile, tena akijua fika kwamba isale halikataliwi. Na kweli hakulikataa. Alinyoosha mkono akalipokea. Hajira akashusha pumzi, machozi yakimlengalenga, akasogea amkumbatie.

Elisifa alimpita. Alichukua jembe, akachimba pale njia inapoingilia uani, akalisimika lile shina na kulishindilia udongo kwa kisigino. Isale halina makuu, ukilichomeka linaota.

"Kuna jambo sikuliandika," alisema. "Sisi tukitaka kumwonyesha jirani mwisho wa shamba lake, tunampandia hili hili."

Kisha akaingia katika nyumba aliyobakiza msimu mmoja wa kuiita yake, akafunga mlango. Mwalimu Hajira alibaki upande wa barabarani.