Mtaa Tulivu, Daraja la Kwanza

Nilipoacha kampuni kubwa ya mawakili nikaenda kutetea watu kwenye rufaa za kodi ya majengo, niliosoma nao walinibandika jina la Wakili wa Mabati. Walidhani litaniuma. Nililipenda hadi nikataka kuliandika mlangoni, mume wangu akanikataza. Mimi sina ugomvi na kodi. Barabara hazijengwi kwa dua. Ninachotaka ni mtu alipie nyumba aliyo nayo, si ile iliyo kichwani mwa ofisa, na akiuliza hesabu imetoka wapi, ajibiwe. Kwa neno hilo moja nimekula na kusomesha, na bado sijachoka nalo.

Mwalimu, mama mmoja aliyekuwa ameshastaafu, alikuja ofisini kwangu. Alivuta kiti karibu mno, na kila nilipozungumza alinikodolea macho mdomoni, mpaka nikadhani nina mboga kwenye meno. Nikajipangusa kwa siri. Shida yake ilikuwa nzito. Manispaa ilikuwa imeipandisha nyumba yake hadi kundi la juu kabisa, "mtaa tulivu, daraja la kwanza", na kodi mpya ilimeza karibu pensheni yake yote. Akishindwa rufaa, nyumba ingepigwa mnada. Aliijenga na marehemu mumewe kidogo kidogo, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Sijawahi kutetea nyumba ambayo sijaketi ndani yake. Nikaenda kwa miguu. Ukuta kwa ukuta na Mwalimu kulikuwa na karakana ya kukata vyuma ya jamaa mmoja aliyeitwa Cheche, na mashine yake ilipounguruma, vikombe vya Mwalimu vilianza kugongana kabatini. Nilicheka. Utulivu gani huo? Mwalimu hakucheka. Aliniandikia kwenye kipande cha karatasi kwamba wajukuu wake hawaji tena kulala.

Mthamini wa manispaa, kijana mtanashati mwenye kalamu mbili mfukoni, aliapa mbele ya baraza la rufaa kwamba alikwenda pale zaidi ya mara moja na hakusikia hata nzi. Nimewaona waongo wengi katika kazi hii, na huyu hakuwa mmoja wao. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nikaliomba baraza likafanyie kikao chake sebuleni kwa Mwalimu, asubuhi ya siku ya kazi. Mwenyekiti, bwana mzito asiyependa kutoka ofisini, alikubali kwa shingo upande.

Tulipofika, mtaa ulikuwa umetulia kama maji mtungini. Mwalimu akatuletea chai, na ungeweza kusikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe cha mwenyekiti. Mthamini alinitazama kama anayeniambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwalimu naye alinitazama, na macho yake yaliniumiza zaidi. Niliogopa, sitaficha, lakini wakili hatoi jasho mbele ya mteja. Nikajikaza kisabuni, nikaenda dirishani kana kwamba nahitaji hewa.

Gari la manispaa lilikuwa limeegeshwa mbele ya geti, nembo yake ubavuni. Juu ya ukuta wa karakana kilichomoza kichwa cha Cheche, kikalitazama lile gari, kikazama tena. Nikaelewa. Cheche hakuwa na leseni. Kila alipoliona gari lile alizima mashine mpaka liondoke, na mthamini hakuwahi kuja na gari jingine.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "naomba dereva aondoke na gari, akanywe chai mbali kidogo."

"Chai si hii hapa?"

"Hii ni ya kwetu. Sisi tutasubiri."

Mwenyekiti akaja dirishani, akampungia dereva mkono aondoke. Dereva hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Gari lilikuwa halijafika hata kwenye kona mashine ilipolia. Vikombe vikaanza ngoma yao, chai ikamwagika kwenye sahani, na vumbi la dari likatua juu ya faili la manispaa. Mthamini alisimama kuitetea ripoti yake. Tuliona mdomo tu. Akarudia, tukaona mdomo tena. Mwishowe akalifunga faili, akacheka, akakaa, na hapo nilimpenda. Kuhusu leseni ya Cheche, hiyo ilikuwa kesi nyingine, na mpaka jioni nilikuwa nimeshaichukua.

Mwenyekiti na wajumbe wake wawili walisogeza vichwa pamoja. Kisha akainuka, akatoa uamuzi kwa sauti yake yote. Mimi, niliyeipigania kesi ile, sikusikia kitu. Nilikinga mkono sikioni. Mthamini naye alikinga wake. Mwalimu peke yake hakuhangaika. Alikuwa anautazama mdomo wa mwenyekiti vilevile alivyoutazama wangu siku ile ofisini, na machozi yakamtoka kabla mwenyekiti hajamaliza.

"Amesemaje?" nilimpigia kelele.

Alinigeukia. Hakupaza sauti, alikuwa ameacha zamani kushindana na mashine ile. Nikamwangalia midomo, na kwa mara ya kwanza nikasoma kama yeye: nabaki kwangu.