Kaya ya Ishirini

Gazdarak ni kijiji kidogo kiasi kwamba watu wawili wakigombana hapabaki wa kuwaamulia. Hata hivyo kilikuwa na mtendaji wake, Barat-Ali, na yeye aliamini kabisa kwamba kule Tehran wakubwa hawapati usingizi bila yeye. Alikuwa na muhuri, ofisi ya chumba kimoja inayonuka mafuta ya taa, na bango la bati ambalo mbuzi walilitumia kujikunia mgongo.

Basi ikaja habari kutoka wilayani: sensa imekaribia, na kijiji chenye kaya pungufu ya ishirini hakitakuwa na mtendaji wake. Kitawekwa chini ya kijiji jirani cha Nowkand. Chini ya Nowkand, jamani, watu ambao Gazdarak imewacheka tangu enzi za mababu! Barat-Ali akahesabu kaya. Akahesabu tena, labda kuna mtu amemsahau. Kumi na tisa. Vijana wote wako mjini Mashhad, na wa makaburini, ambao ni wengi na hawana usumbufu, hawahesabiwi.

Akapiga simu wilayani kuuliza kaya hasa ni kitu gani. Akaambiwa ni watu wanaokula chungu kimoja. Hapo ndipo alipogundua kwamba kaya iliyopungua ilikuwa ni yeye mwenyewe. Tangu mkewe afariki, alikuwa akila kwa dada yake Golandam, mjane anayeishi ng'ambo ya ukuta. Mtendaji mzima, kumbe kwenye hesabu za serikali ni mlaji tu wa dada yake.

Akaenda kumweleza kwamba itabidi ajipikie. Golandam alimsikiliza huku akikata tambi za kutia kwenye supu.

"Kwa hiyo mimi na supu yangu ndio tunaokwamisha serikali?"

"Ni mpaka sensa ipite tu, dada."

"Haya. Nenda kawe kaya."

Akaenda kuwa kaya. Dengu zikaungua, wali ukawa gundi. Jirani mmoja alisimama mlangoni kuuliza kwa heshima zote kama mtendaji anachoma matairi. Barat-Ali alimjibu kwamba anapika, akala kila kitu amesimama, kwa ukaidi. Jioni alikuwa akitega sikio ukutani asikie masufuria ya Golandam. Hakusikia chochote. Akajiambia dada amenuna, atazoea.

Karani wa sensa alikuwa binti wa mjini, viatu vimejaa tope, kishikwambi mkononi. Alizimaliza kaya nyingine zote, akapita kwa Golandam, kisha akaja kwa Barat-Ali, ambaye alikuwa ameweka chungu kizingitini makusudi ili kionekane.

"Unakula na nani, mzee?"

Jibu alikuwa nalo, amelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Lakini binti, kwa wema tu, akaongeza maneno.

"Wewe afadhali unapika. Yule mama wa jirani nimemkuta na mkate na chai. Nimemuuliza kama ana mtu, akasema hana. Anasema kumpikia mtu mmoja ni kupoteza kuni."

Barat-Ali akaona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Golandam alikuwa amemdanganyia, naam, ila wiki nzima uongo huo ulikuwa kweli, na aliyeufanya kweli ni yeye.

"Niandike naye," alisema.

"Naye? Pamoja?"

"Chungu kimoja. Mimi ni mlaji wake."

"Mzee, basi mtakuwa kumi na tisa."

"Najua, binti. Mimi ndiye mtendaji, angalau mpaka ubonyeze hapo."

Binti akabonyeza. Barat-Ali akazunguka ukuta kwenda kwa dada yake, akamweleza yote. Golandam alimtazama kama anayetazama punda aliyeingia sebuleni.

"Mimi, na uzee huu, nimeidanganya serikali mchana kweupe kwa ajili yako. Halafu wewe unakwenda kusema kweli?"

"Nimesema."

"Nowkand watatucheka mpaka theluji iyeyuke."

"Wacha wacheke. Hata mimi ningecheka."

Golandam akainuka, akashika kiuno, akateremsha chungu kikubwa kutoka rafuni na kukipuliza vumbi la wiki nzima.

"Vua hivyo viatu, utanichafulia zulia," alisema. "Wewe si mtendaji tena. Ukishamaliza, nimenyee vitunguu."