Saa Kumi na Mbili ya Shangazi

Kwa miaka tisa Shangazi hakuwahi kutoka nje saa kumi na mbili, iwe ya asubuhi au ya jioni. Saa hizo mbili zilikuwa za kifua cha Chumvi.

Chumvi alikuwa binti wa kaka yake. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka minne, na baba, dereva wa malori ya masafa marefu, alionekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Jina lilitoka kwa baba huyo huyo: kila akimbusu shavuni alisema mtoto huyu amezidishwa chumvi. Baadaye madaktari wakaeleza kwamba jasho lile la chumvi ndilo dalili ya ugonjwa wenyewe, wa kuzaliwa nao, unaofanya makohozi yawe mazito kama gundi na kuziba mapafu. Dawa zingesaidia, lakini makohozi yalipaswa kung'olewa kila siku, asubuhi na jioni, maisha yote.

Shangazi akafundishwa. Mtaalamu wa mazoezi pale kliniki alimwonyesha jinsi ya kumlaza mtoto ubavu juu ya mito, kukunja kiganja kama anayechota maji, na kumgonga mbavuni juu ya fulana, mbali na uti wa mgongo na tumbo. Mlio ukiwa mzito kama wa mtungi mtupu, sawa. Ukiwa wa kofi, umekosea. Ubavu huu, ubavu ule, kisha mgongo. Halafu mtoto atoe pumzi kwa nguvu kama anayetia ukungu kwenye kioo, akohoe, ateme.

Kwa kuwa zamu ziligongana na saa hizo, aliacha kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo akawa dobi wa nyumbani, pasi na mashati ya watu vikijaa sebuleni. Fundi umeme mmoja alimtaka uchumba. Kila akimwalika jioni, Shangazi alimwambia saa yoyote, ila si hiyo. Fundi alivumilia mwaka na nusu, kisha akaoa kwingine. Waliomuuliza, Shangazi aliwajibu kwamba mshika mbili moja humponyoka, na yeye alijua ipi hapaswi kuiachia. Alicheka akisema hivyo, na watu wakaacha kuuliza.

Chumvi alipotimiza miaka kumi na mitatu, jioni moja alikaa kitandani amekumbatia mto, akakataa kulala ubavu.

"Shangazi, naomba usinigonge tena," alisema. "Nimekuwa mkubwa. Naweza mwenyewe."

Kliniki walikubali. Walimpa kidude cha mkononi cha kupulizia, kinachotetemesha pumzi hadi makohozi yalegee, na mtaalamu akamsifu kwamba anakitumia vizuri. Shangazi naye alikubali, kwa mdomo. Siku za mwanzo alisimama nyuma ya mlango akihesabu mipulizo. Chumvi alipofungua akamkuta pale. Kesho yake Chumvi alifunga kwa ufunguo.

Kisha ikaja safari ya shule, siku tatu. Shangazi alifungasha kidude, dawa, maji ya kukioshea, na karatasi ya maelekezo ambayo Chumvi aliichomoa na kuiacha mezani. Jioni ya kwanza, saa kumi na mbili na robo, alimpigia simu. Haikupokewa. Akapiga tena. Mara ya nne alikuwa ameshavaa viatu, nauli imo mfukoni, ndipo akakumbuka kumpigia mwalimu.

Mwalimu alikwenda kuangalia, akarudi kwenye simu akicheka kidogo. "Usihofu, mama. Yuko chumbani anapuliza. Wenzake wawili wamekaa naye, wanamhesabia."

Shangazi akashukuru, akakata simu. Alishusha pumzi, kisha neno moja la mwalimu likamrudia. Wanamhesabia. Yeye alikuwa amefungiwa mlango.

Kwa kuwa viatu vilikuwa tayari miguuni, alitoka. Hakuujua mtaa wake saa hiyo. Hakujua kwamba fundi vioo hufunga duka mapema, wala kwamba watu hutoa viti na kukaa vibarazani hadi giza liingie. Wengi aliwajua kwa mashati yao kuliko kwa nyuso. Alitembea kwa haraka, maana hakujua kutembea namna nyingine, na alipofika mwisho wa barabara akaingia dukani kununua wanga wa kunyooshea nguo, ingawa nyumbani alikuwa nao wa mwezi mzima.

Njiani kurudi, jirani mmoja, mjane anayeuza maziwa, alimwamkia kutoka barazani akauliza kama kuna mgonjwa.

"Hapana. Mtoto mzima, yuko safarini."

"Sasa unatafuta nini saa hizi?"

Shangazi alifungua mdomo kumwambia wanga, akaona ni uongo. Mjane alimtazama, kisha akasogeza kigoda kwa mguu.

Alikaa. Mjane aliongea habari za magoti yake, na Shangazi akaitikia panapostahili, mikono imelala mapajani, viganja juu. Hakuna aliyehitaji mikono hiyo jioni ile. Alikaa hadi taa za barabarani zikawaka, kisha akaaga, akaenda kufungua nyumba isiyo na mtu.