Bakuli la Saa Sita

Mama Sitan Diarra alikuwa na sheria moja kubwa ya kazi, na hakuiandika popote. Saa sita mchana kila mtu anaacha alichoshika, ananawa, anaketi kwenye bakuli. Yeye mwenyewe huketi bakuli hili leo na lile kesho, na penye bakuli hakuna tajiri. Anayetaka kumwambia kuni ni mbichi, aseme. Anayetaka kumwita mchoyo, amwite, mradi asimwage mchuzi.

Sheria hiyo ilitoka mbali. Ujanani alipiga mafuta ya shea, yatokanayo na kokwa za mti wa porini, kwa mwanamke mmoja wa Sikasso, ambaye akipita tu, wafanyakazi wote hukata maneno. Siku moja jiko lenye mguu mbovu lilipinduka na chungu cha mafuta yanayochemka, msichana mmoja akaungua mapaja. Wote walijua mguu ule ni mbovu, na hakuna aliyethubutu kusema. Sitan alipoanzisha kazi yake hapo Bougouni, na wanawake watano na vyungu vya kuazima, aliapa kwamba kwake hataungua mtu kwa sababu ya heshima.

Sasa walikuwa zaidi ya hamsini. Katika wale watano wa mwanzo alikuwamo Founè Traoré, mtani wake. Watu wa ukoo wa Traoré na wa Diarra wametaniana tangu enzi za mababu, na tusi lao halichakai: mla maharage. Asiyejua atadhani wanataka kushikana mashati.

"Sitan, mla maharage wewe, ndiyo maana kiti chako kinalia!"

"Nyamaza, Traoré! Nyinyi mnayaiba hata hayajaiva!"

Na kukasirika ni mwiko. Anayemkasirikia mtani wake amejivua ukoo.

Kisha akaja Lassine, mtoto wa kaka yake, aliyelelewa Ufaransa. Kijana mwema, mchapakazi, hana baya. Alijenga banda jipya la kukaangia kokwa za shea, akatafuta wateja, hadi akampata Zoumana Koné, mfanyabiashara wa Bamako ambaye angechukua mafuta kila mwezi. Sitan alimtaka mteja huyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Kila Jumatatu kulikuwa na wanawake getini wanaoomba kazi, wajane wengi wao, na yeye aliwajua kwa majina na watoto wao pia. Koné akikubali, wote wangeingia.

Siku ya mgeni, Lassine akamfuata.

"Shangazi, leo tafadhali. Wasikutukane mbele yake. Ataona hapa hakuna uongozi."

Sitan akakubali. Kazi zilikuwa zimemzidi. Wiki kadhaa sasa alikuwa akila ofisini juu ya makaratasi, na bakuli alilisikia kwa mbali tu. Akatoka, akawaambia wanawake, "Leo hakuna utani."

Founè akamtazama kidogo. "Ndiyo, Madamu," akasema.

Miaka yote hiyo hajawahi kumwita Madamu. Neno lile lilimchoma Sitan, naye akajifanya hakulisikia.

Koné alikuja, mtu wa kitambi na kanzu ya buluu, akapitishwa kila mahali. Wanawake walikuwa wameinama juu ya mabeseni wakipiga uji wa shea kwa mikono, chwa, chwa, macho chini. Akiwauliza habari za kazi, wanajibu nzuri, bwana. Akipita, kimya. Kikohozi tu kilisikika kutoka banda jipya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Koné hakuwa mgeni wa mishindo.

Saa sita ilipofika, wanawake waliketi kwenye mabakuli uani, na Koné ofisini alitengewa sahani yake peke yake, wali na mchuzi wa karanga na paja la kuku. Hakuigusa.

"Kuna msiba hapa?" akauliza.

"Hakuna, bwana," Lassine akasema.

"Basi kuna hofu. Wanawake wote hawa wa Bougouni wanapiga mafuta, na hakuna hata mmoja anayemsema mwenziwe? Nimeshaona kazi za namna hii, Diarra. Mafuta meupe pee, halafu siku moja wafanyakazi wamekimbia na mimi nimebaki na ndoo tupu. Ahsante kwa chakula." Akachukua kofia yake.

Sitan angeweza kumwambia, ni leo tu bwana, siku nyingine tunacheka. Ingekuwa kweli, lakini kweli ya kujitetea. Na kilichomuuma si kofia ya Koné. Ilikuwa ile Madamu. Alijiona anapita kule Sikasso, yeye sasa ndiye anayenyamaziwa, na aibu ikampanda hadi shingoni.

Akabeba sahani ya kuku, akatoka nayo uani, akachuchumaa kwenye bakuli la akina Founè.

"Sogeeni. Mbona nyinyi Traoré mnakula kimya kimya? Ni maharage, mnaona haya?"

Hakuna aliyecheka. Founè alifinyanga tonge lake, akalitazama, akalila. Alikuwa ameshapoteza wateja wengi maishani, lakini mtani hajawahi kupoteza.

"Nimekosa, Founè," akasema kwa sauti ya chini. "Nitukane."

Founè akameza.

"Nikutukane kwa lipi, mla maharage, na yamekujaa hadi masikioni, husikii? Watu wanakufa kwa kukohoa kwenye lile banda lako jipya. Halina pa kutokea moshi! Umetujengea banda la kukaushia samaki, na samaki wenyewe ndio sisi. Tulikungoja hapa kwenye bakuli tukwambie. Kumbe mwenzetu siku hizi anakula na karatasi."

Mmoja akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Sitan aliinuka, akaingia bandani. Hakukaa; alitoka machozi yakimchuruzika.

"Zimeni moto. Ukuta wa nyuma utobolewe leo hii."

"Shangazi," Lassine akasema, "tukizima, kukaanga kunasimama. Hata Bwana Koné akikubali, mzigo wake wa kwanza utachelewa."

Koné mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, kofia kichwani tayari. Sitan akamgeukia.

"Utachelewa, Koné. Kama kuchelewa hakukufai, nenda kwa amani. Wale wa getini nitawaeleza mwenyewe."

"Koné?" Founè akainua kichwa. Koné na Diarra ni ukoo mmoja, na mtani wa huyu ni mtani wa yule. "Yaani huyu naye ni Koné, na hamkuniambia? Mla maharage mwingine! Tazameni kitambi, huyu hakula, alipakia!"

Wanawake wakashika midomo. Lassine akafumba macho. Koné alimkodolea Founè, halafu kitambi ndicho kilichoanza kutikisika, kicheko kikafuata, akacheka hadi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"We Traoré," akasema akijipangusa machozi, "unamkosoa tajiri wako mbele ya mteja wake. Kwangu Bamako hakuna anayenithubutia hivyo."

"Kwa sababu Bamako hujaweka bakuli. Nawa mikono."

Akanawa. Alikula sana, nao wakamhesabia matonge kwa sauti ili kumwaibisha, asiaibike. Mdomo umejaa, akamwambia Sitan, "Ukuta ukishatobolewa, niite. Nitangoja." Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku ile pale Bougouni kazi ilikuwa kutoboa. Lassine alileta nyundo mwenyewe, akasimama mbele ya banda alilolijenga kwa jasho lake. Akaiinua, akaishikilia hewani.

"Piga, mla maharage!" Founè akamfokea. "Au nguvu zimekwisha?"

Tangu aje, kijana huyu alikuwa hajawahi kumjibu mtani. Alikuwa akitabasamu tu na kuondoka. Sasa aliishusha nyundo, akafikiri.

"Nguvu nitazitoa wapi, Traoré," akasema, "na maharage yenyewe mmeyaiba yote chunguni?"

Uani kote wakapiga vigelegele.

"Sitan!" Founè akapiga ukelele, akipiga mapaja. "Sitan, njoo usikie! Mtoto wenu amezaliwa leo!"