Mji Niliokataa Kuutoa

Usingizi wa mchana hauna adabu, haubishi hodi. Nimeketi kwenye benchi nje ya chumba ambamo watahini wataniita nitetee tasnifu yangu, tumbo limejaa ugali na sukuma wa kantini, kitabu kinene kiko mapajani, na ninajiambia kwamba sisinzii, nafumba macho kidogo tu ili niwaze vizuri. Ninachowaza ni neno la msimamizi wangu, Daktari Mwasaru, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akichokozwa. Asubuhi ya leo ameniambia, Dorkas, kazi yako ni nzuri sana, ila majina ya wale wakunga yatoke, uwaandike Mhojiwa wa Kwanza, Mhojiwa wa Pili, hivyo hivyo mpaka mwisho, ndivyo utafiti unavyowalinda watu, na ukikataa watahini wanaweza kuirudisha kazi yote. Nimemjibu kwamba nitafikiria, na mtu wa kwetu akisema atafikiria ujue amekwisha kukasirika. Maana mimi sikwenda kule kama mgeni mwenye kinasa sauti. Mimi ni Muogiek, mtoto wa msitu wa Mau, nimezaliwa mikononi mwa hao hao wanawake ninaoambiwa niwafiche, na kitabu hiki kinaeleza wanavyompokea mtoto, wanavyomlea mzazi kwa maji ya asali na mizizi, na wanavyowafundisha wasichana kazi hiyo bila ubao wala chaki. Mkubwa wao alikuwa Kogo Tapsubei. Kogo ndivyo tunavyomwita bibi. Nilipomweleza kwamba chuo kinataka kumlinda kwa kumficha jina, alicheka mpaka akashika mbavu. Unilinde na nani, akaniuliza, kwani mimi nimeiba mzinga wa nyuki wa nani? Halafu akaacha kucheka. Kwetu mtoto habandikwi jina, anatafutiwa. Wanawake wanamzunguka, wanataja majina ya ndugu waliokufa, moja baada ya jingine, na mtoto akipiga chafya kwenye jina fulani, basi huyo ndiye aliyerudi, na jina linakuwa lake. Tunamsaidia na ugoro kidogo puani, tusidanganyane, lakini wa kuchagua ni yeye. Sasa Kogo akaniambia, watu wametawanyika hivi, kila nyumba kilima chake, nikifa nani atajua kwamba aliwahi kuwepo Tapsubei wa kuitwa? Mvua zilizopita alifariki. Mpaka leo sijasikia mtoto aliyempigia chafya, na mimi ndiye niliye na jina lake mapajani na kalamu ya kulifuta mkobani.

Mlango unafunguka. Nasimama, nakung'uta sketi, navuka kizingiti, na ndani hakuna meza wala watahini, kuna barabara. Ni barabara ya udongo wa murram, nyekundu, inakata katikati ya mierezi yenye mizinga ya magogo juu, nami nikitembea nayo inatembea, nikisimama inanizunguka na kunitangulia tena, hivi kwamba mzinga nilioupita naukuta mbele, na niliouacha mbele nausikia ukivuma nyuma. Sishangai. Katika ndoto mtu hashangai, anaudhika tu, na mimi nimeudhika kwa sababu nimevaa viatu vya kutetea tasnifu, si vya murram. Mbele yangu anatembea mwanamke aliyevaa gambuti na leso mbili, moja kiunoni moja mabegani, na anapogeuka naona hana uso. Pale pa uso ni laini kama kiganja. Nifuate, ananiambia, mimi ni Mhojiwa wa Kwanza. Namwamkia kwa heshima zote, maana hata asiye na uso ana umri, kisha namuuliza, mama, tunakwenda wapi? Kitendawili, anasema. Na kinywa changu, kama kinywa cha mtoto yeyote aliyesomea shule zetu, kinajibu chenyewe, tega. Sikukiomba nikapewa, anasema, nikifa hakizikwi. Nacheka. Hicho ni chepesi, jibu liko ncha ya ulimi, nafungua mdomo nilitoe na ulimi hauna kitu. Kivuli, nasema. Kivuli chako utashuka nacho kaburini, ananijibu. Kitovu. Hicho kilizikwa zamani, wewe hujajua hata kutambaa. Ukoo, nasema, na hapo naona nimemshika. Anatikisa kichwa. Ukoo ni wa wengi, mwanangu, hiki ni changu peke yangu. Umeshindwa, nipe mji.

Basi namtupia mji, nani asiyejua mchezo huu, ukishindwa kitendawili unatoa mji, mwenzako anautwaa, anajisifu jinsi alivyokula na kunywa huko, halafu anakupa jibu, na mji wa kitendawili hautozwi ushuru. Chukua Nakuru, namwambia. Na Nakuru inaota pale pale mbele ya miguu yangu, nzima nzima, lakini ni Nakuru ya vioo, maghorofa yanajitazama yenyewe, maandishi ya madukani yamegeuka nyuma mbele, barabara inaingia kwenye kioo cha benki na kutokea kwenye kioo cha kinyozi, nami nampita mama mboga mmoja mara kadhaa bila kukata kona. Habari yako, mama, namwambia. Mhojiwa wa Kumi, ananijibu, na sukuma wake ni mbichi kabisa, na uso hana. Fundi viatu hana, mwendesha bodaboda akivua kofia yake hana, mwalimu aliyeshika kengele hana. Wote ni watu wenye shughuli zao, wanapatana bei, wanakorofishana, wanabeba watoto mgongoni, lakini hakuna anayemwita mwenzake, kwa sababu hakuna wa kumwita. Mtu anainua mkono, anafungua kinywa asichokuwa nacho, na mkono unashuka. Najitazama kwenye kioo cha duka la dawa. Mimi ninao uso, namshukuru Mungu, ila pua imeanza kufifia. Namgeukia yule kiongozi wangu kwa hasira, namwambia haya, umekwisha kula Nakuru, nipe jibu. Nimekula sijashiba, anasema, sikukiomba nikapewa, nikifa hakizikwi. Nashindwa tena. Nampa Narok. Narok inajitokeza ndani ya Nakuru, na ng'ombe wake wanajiangalia kwenye kuta na kukataa kunywa maji. Nampa Eldoret, nampa Nairobi na foleni zake zote, natoa miji kama niliyerithi nchi nzima, na kila mji unakuja na vioo vyake na watu wake waliolainika, na kila nikijitazama nimepungua. Nyusi zimekwenda. Mdomo wangu umebaki mstari tu, na natambua, bila kuambiwa na mtu, kwamba ukifutika hata nikilikumbuka jibu sitaweza kulisema.

Nipe mji, ananiambia. Mama, miji imekwisha, nasema. Umebaki mmoja, anajibu, na ananionyesha bondeni. Naiona Kapsinendet, kijiji chetu. Siyo ya vioo. Moshi unatoka kwenye mapaa kama unavyotoka siku zote, mizinga iko mierezini mahali pake, kila ukoo na upande wake wa msitu, na kwenye ua wa nyumba ya shangazi yangu wanawake wamekaa duara na mtoto mchanga yuko katikati, anatafutiwa jina. Na nyuso wanazo! Nataka kulia kwa jinsi nyuso zao zilivyo nzuri, zile nyuso za watu waliowahi kuzaa watu na kuwazalisha watu, mashavu makavu ya moshi, macho yasiyodanganywa na mtu. Mmoja anamshika mtoto na wengine wanataja majina. Mtoto anatazama tu. Wanayataja yote wanayoyakumbuka, yanakwisha, wanaanza upya, ugoro nao unakwisha, na mtoto hapigi chafya, anatazama juu kama msafiri aliyeshushwa kituo asichokijua. Nyumba ya kwanza ya kijiji imeanza kung'aa upande mmoja wa paa. Ukiutoa mji huu, ananiambia Mhojiwa wa Kwanza kwa upole kabisa, upole wa Daktari Mwasaru, hakuna atakayedhurika, wote watalindwa, hakuna atakayejua ni nani alisema nini, nawe utaitwa daktari. Unautoa? Na sauti yake haina ubaya, hilo ndilo linaloniumiza. Nakazana na kile kistari cha mdomo nilichobakiwa nacho. Sitoi, namwambia. Nairobi nimekupa, kaa nayo, na foleni zake ukae nazo, lakini Kapsinendet sitoi, huo si mji wa kitendawili, huo ni kwetu. Basi nipe jibu, anasema, na wakati ananingojea anaingiza mikono yake makwapani, chini ya leso, na kuibana.

Hapo namjua. Nani mwingine duniani anafanya hivyo? Kabla ya kumgusa mzazi, kabla ya kumpokea mtoto, wakunga wetu wanaipasha mikono yao makwapani, wanakaa hivyo kimya wamejikunyata hata kama mzazi anapiga kelele na ndugu wanasema haraka, haraka, kwa sababu, wanasema, mtoto anatoka pahali pa joto, asije akapokelewa na baridi akadhani hatumtaki. Nimeandika ukurasa mzima juu ya jambo hilo. Na mkunga huyu anauweka mkono wa kushoto kwanza, na bega linapanda, kama lilivyokuwa likipanda, kwa sababu aliwahi kuanguka mwerezini akirina asali, kazi ya wanaume, aliifanya na hakuna aliyemkataza. Mikono ile ndiyo iliyonitoa tumboni kwa mama yangu. Sijibu kitendawili. Nakitupa, nawageukia wanawake bondeni, na kwa sauti ambayo sijui imepita wapi, maana mdomo umekwisha, naita, Tapsubei! Na mtoto kule uani anapiga chafya. Chafya ya mtu mzima, chafya ya mtu aliyechelewa njiani na sasa amefika na anataka chakula. Wanawake wanapiga vigelegele, mapaa yanaacha kung'aa, na mbele yangu, juu ya leso mbili na gambuti, uso unarudi kama maji yanavyorudi kisimani, kwanza macho, kisha ile mikunjo, kisha kicheko. Mtoto wewe, ananiambia Kogo, jibu ni jina, hata wa chekechea wanalijua, umeitoa miji yote kwa nini? Kogo, namwambia, nimesoma sana. Anacheka, anashika mbavu. Halafu ananisukuma begani, anasema, usisimame hapo, wenzangu wako mijini. Nami nakimbia nikirudi, viatu nimevivua, naingia Eldoret naita, Kobilo! na mama mmoja kwenye foleni ya posta anageuka na ana uso, mkali, vile vile. Tabutany! na fundi mmoja anashtuka, anasema huyo ni mama yangu, na akimtaja tu uso wake nao unaota. Taplelei! Wengine wako hai bado, wanapalilia viazi huko nyumbani wakati huu, na kuwaita pamoja na waliokufa ni utovu wa adabu, lakini ndoto haina mila na mimi sisimami. Nakuru inajaa watu wanaoitana. Mama mboga anamwita mwendesha bodaboda kwa jina la babu yake. Vioo vinavunjika bila kumkata mtu, na katika kipande kimoja najiona, pua, nyusi, mdomo mpana wa kwetu, na nasema kwa sauti, sikiliza, mimi najisikia fahari, najisikia fahari mpaka kifua kinauma.

Dorkas, mtu anasema. Dorkas, karibu, wako tayari. Niko kwenye benchi. Shingo imenikauka, kitabu kimeanguka sakafuni, na Daktari Mwasaru amesimama mlangoni ananitazama kwa upole wake. Umeamua? ananiuliza chinichini. Nimeamua, namjibu. Anavuta pumzi, anaachia mlango, na mimi navuka kizingiti, lakini navuka nikipapasa kwa mguu, kwa kuwa kizingiti hiki nimekwisha kukivuka leo na ndani hapakuwa na sakafu. Safari hii kuna meza. Watahini wamekaa upande wa pili, mgongo wao dirishani, na jua la mchana limewaangaza kwa nyuma hata sioni nyuso zao, naona mabega tu na miwani ya mmoja. Aliye katikati ni Profesa Nzilani, namjua kwa sauti. Bi Dorkas, ananiambia, ulielekezwa uyaondoe majina ya wahojiwa, nasi tunaona bado yamo, kila ukurasa. Kwa nini? Profesa, nasema, wale waliotaka kufichwa nimewaficha, walikuwa na sababu zao na nimeziheshimu. Hawa hawataki. Niliwauliza mmoja mmoja, wakanituma niyalete majina yao mpaka hapa. Kwetu jina la marehemu ni kazi yake ya mwisho, linakwenda kumchukua mtoto. Nikilifuta simlindi mtu, namzika mara ya pili. Kama kwa sababu hiyo mtairudisha kazi yangu, irudisheni, nitakwenda nayo nyumbani jinsi ilivyo, kuna watu wanaingoja.

Daktari Mwasaru, nyuma yangu, anasogeza kiti bila kukaa. Nawatazama wale watatu mbele ya dirisha, nangoja jua lisogee niwaone, na sijui, kwa kweli sijui, kama nimeamka au barabara ile imenizunguka tu na kunitangulia tena mpaka humu. Nafikiri kwamba haidhuru. Kama hii ndiyo ndoto, nitayataja, na kama huku ndiko kuwa macho, nitayataja vile vile. Wa kwanza ni nani? anauliza Profesa Nzilani, na anaegemea mbele. Naweka kitabu mezani, sikifungui. Vuteni viti, wakubwa zangu, nasema, hawa ni wengi. Wa kwanza ni Tapsubei, binti ya Sironga, mkunga, mtu wa Mau.